UZI: Chicago iliyobomolewa bado ipo kwenye postikadi, twende nikuonyesheni namna ya kuisoma

#1 Kuba la Zamani (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu,

Naomba niweke huu uzi kwa wale tunaopenda majengo ya zamani, maana nimekaa na hili jambo moyoni miaka kadhaa sasa na sijakutana na mtu analiongelea kwa Kiswahili. Nazungumzia Chicago, ila sio hii ya maghorofa ya vioo tunayoiona kwenye picha za saivi, naongelea ile iliyovunjwa, ambayo leo ukitaka kuiona njia nyepesi kuliko zote ni postikadi.

Mimi ilianza hivi. Nilikuwa naperuzi kadi zilizoskaniwa mtandaoni nikakutana na moja ina jengo lenye kuba kubwa kweli kweli, limekaa katikati ya mji kama ikulu, chini wameandika Federal Building, Chicago. Nikafungua ramani ya satelaiti nilitafute. Halipo. Pale lilipokuwa kuna kiwanja kipana, maghorofa meusi ya msanifu Mies van der Rohe na ile sanamu nyekundu ya mchongaji Alexander Calder. Nikakaa najiuliza, jengo la mawe la ukubwa ule linapoteaje? Kufuatilia nikakuta lilichorwa na Henry Ives Cobb, likakamilika 1905, na mwaka 1965 likaanza kubomolewa. Miaka 60 tu wakuu! Mtu aliyepelekwa na baba yake kulishangaa likiwa jipya angeweza kuwa hai siku linapigwa nyundo.

Toka siku ile nikawa mtu wa kadi.

Sasa kwanini kadi na sio picha za kawaida? Kwasababu Chicago yenyewe ilikuwa kiwanda cha postikadi. Kulikuwa na Mjerumani mmoja mhamiaji, Curt Teich, alifungua uchapaji wake pale 1898, na mwaka 1905 akapanda treni akazunguka Marekani anapiga picha miji na kuchukua oda za kadi njiani. Kampuni ikaja kuwa moja ya wachapaji wakubwa wa kadi duniani mpaka ilipofungwa 1978. Kumbukumbu zake zipo Newberry Library, hapo hapo Chicago, toka 2016, na maelfu ya kadi wameziweka mtandaoni unaangalia bure.

Ila kuna kosa nililifanya mwaka mzima wa kwanza nataka nyie msilirudie, nilikuwa naangalia upande wa picha tu. Geuza kadi. Mgongo wa kadi ndo unakwambia unaangalia mji wa lini.

Marekani kabla ya tarehe 1 Machi 1907 nyuma ya kadi iliruhusiwa kuandikwa anwani peke yake, kwahiyo ukiona mtu kabana salamu zake pembeni ya picha, kwenye anga au kando kando, hakuwa mchafu, hakuwa na pengine pa kuandika. Baada ya hapo mgongo ukagawanywa kwa mstari katikati, kushoto ujumbe kulia anwani. Wenzao Uingereza walishafanya hivyo 1902, Ufaransa 1904, Ujerumani 1905. Alafu ukikuta imeandikwa imechapwa Ujerumani, basi kwa sehemu kubwa ni ya kabla ya 1914, maana kadi nyingi nzuri za Marekani zilikuwa zinachapwa kule, vita ilipoanza njia ikakatika. Wachapaji wa Marekani wakashika soko wenyewe na ndo kipindi cha kadi za mpaka mweupe, kuanzia kama 1915 mpaka karibu 1930, waliacha ukingo bila wino. Kuanzia miaka ya 1930 zinakuja kadi za kitani, ukipapasa unasikia vijistari kama shuka, rangi zimekolea mpaka basi. Kwa kina Teich kadi za kitani zina kodi (msimbo, sio ya serikali) kwa mbele: tarakimu, herufi, alafu namba. Herufi A ni miaka ya 1930, B ni 1940, C ni 1950, na tarakimu iliyotangulia ndo mwaka wenyewe. 5A ni 1935. 2B ni 1942. Ila angalieni, ikiwa A imekaa mbele bila tarakimu ya kuitangulia hiyo ni hesabu yao nyingine ya zamani zaidi, usije ukairuka miaka 20 kwa herufi moja.

Nitaendelea kwenye komenti, karibuni tujadili na mwenye kadi yake aiweke hapa tuisome pamoja.

#2 Mjukuu wa Posta

Mkuu asante kwa uzi, nimejifunza. Swali langu, si kuna mhuri wa posta? Mhuri una tarehe mpaka saa, kwanini tuhangaike na mipaka myeupe na kodi?

#3 Kuba la Zamani

Swali zuri sana ndugu yangu. Mhuri unakwambia siku kadi ilipotumwa, basi. Muuza duka la dawa au la stesheni alikuwa anaagiza mzigo unakaa kwenye stendi miaka mpaka uishe, na picha yenyewe inaweza kuwa ilipigwa miaka mingine kabla ya kuchapwa. Kwahiyo kadi moja ina tarehe tatu: picha ilipopigwa, ilipochapwa, ilipotumwa. Mhuri ni ukuta wa mwisho tu, mji huo wa kwenye picha hauwezi kuwa wa baada ya hapo. Kurudi nyuma ni kazi yako.

Na usipuuze ujumbe wenyewe. Chicago walibadilisha namba za nyumba mji mzima mwaka 1909, na katikati ya mji wakafuata 1911, kitovu kikawa makutano ya State na Madison. Kwahiyo ukikuta kadi ya 1908 mtu kaandika "tunakaa namba fulani mtaa fulani" ukaenda na hiyo namba kwenye ramani ya leo utafika kwa jirani wa mbali kabisa. Mimi imeshanipoteza hiyo, nilitafuta jengo wiki mbili upande usio wake.

#4 Binti Ramani

Kaka Kuba hongera, umenigusa pabaya maana na mimi huu ndo ugonjwa wangu 😊 Naomba nichangie kitu kimoja, kwamba ukishaizoea Chicago majengo yenyewe yanageuka kalenda, hata mgongo wa kadi ukiwa umechanika.

Mfano mzuri kuliko yote ni Wrigley Building pale kwenye daraja la Michigan Avenue. Daraja lilifunguliwa 1920. Mnara wa kusini wa Wrigley umekamilika 1921, wa kaskazini 1924, alafu 1931 wakaiunganisha na kile kidaraja cha juu. Kwahiyo unaangalia tu: mnara mmoja uko peke yake, uko 1921 hadi 1924. Yote miwili na jirani yake Tribune Tower kashasimama, umevuka 1925. Sio lazima kadi iseme chochote.

Nyingine Dearborn Station. Ile stesheni ya 1885 ilikuwa na mapaa yamechongoka na mnara wa saa una kofia ndefu ya mwinuko. Desemba 1922 ikaungua juu, wakairudishia mapaa ya kawaida na mnara wenye kofia ndogo. Jengo la mbele lipo mpaka leo na watu wanapita wanadhani lilizaliwa hivyo. Ukiona kadi yenye kofia ndefu, picha ni ya kabla ya ule moto, haijalishi mhuri unasema 1926.

Na inayoniumiza zaidi ni Montgomery Ward pale Michigan Avenue. Jengo lilimalizika 1899, juu lilikuwa na piramidi na juu ya piramidi kuna sanamu ya mwanamke anaelekeza mwanga. 1947 wakaondoa kichwa chote. Mwili umebaki! Jengo bado lipo, limekatwa kichwa. Hakuna orodha ya majengo yaliyobomolewa itakayokutajia hilo kwasababu kwenye karatasi halijabomolewa. Postikadi ndo inakwambia. Mimi naona hapa ndo thamani yake kubwa, kupotea kwa jengo zima kila mtu atakuandikia, kupotea kwa nusu jengo hamna anayeandika.

#5 Fundi wa Mawe

Samahanini wakuu mimi napingana kidogo. Niko kwenye ujenzi miaka mingi na nimeziona hizi kadi. Mnazungumza kama ni ushahidi wakati ni matangazo ya biashara. Anga siku zote bluu, hamna moshi, hamna waya, majengo yote yamesafishwa. Chicago ilikuwa inachoma makaa ya mawe, yale majengo yalikuwa meusi kwa masizi. Na rangi mtu kazipaka mezani hajawahi hata kufika huo mji. Mtu akitaka kujua jengo lilijengwa na nini, tofali au jiwe au vigae, kadi itamdanganya. Sasa tunajifunza nini hapo?

#6 Kuba la Zamani

Mkuu Fundi umesema kweli na hakuna sehemu nitakupinga kuhusu rangi. Tena niongezee nguvu kwenye hoja yako: zile kadi za usiku zenye mwezi na madirisha ya njano, nyingi ni picha za mchana zimepakwa bluu nzito alafu mtu kachora taa dirisha kwa dirisha. Ukitaka kuhakikisha tafuta kadi ya mchana ya jengo hilo hilo, utakuta gari lile lile, watu wale wale wako hatua ile ile. Wengine waliongeza magari ili mtaa wa zamani uonekane wa kisasa na kadi iuzike tena. Na zipo kadi zilizochapwa kutoka mchoro wa msanifu jengo likiwa halijainuka bado.

Lakini sikubali kwamba basi hatujifunzi. Uongo wa kadi unaweza kukamatwa, na ukishaukamata unakuwa somo kubwa kuliko picha yenyewe. Nikueleze ninavyofanya.

Kulikuwa na kampuni ya Detroit Publishing, hawa walinunua kutoka Uswisi haki ya kutumia fotokromu, ile njia ya kuchukua negativu nyeusi na nyeupe ukaihamishia kwenye mawe ya lithografia (uchapaji wa kutumia jiwe), jiwe moja kwa kila rangi. Mpiga picha maarufu William Henry Jackson alikuwa mwenzao. Kampuni ilifilisika 1924 ila negativu zao za vioo hazikutupwa, ziko Library of Congress na zimeskaniwa kwa ukubwa wa ajabu, unavuta karibu mpaka unasoma kibao cha kinyozi ghorofa ya pili. Sasa chukua kadi yao ya Chicago, tafuta negativu ya picha ile ile, weka pembeni kwa pembeni. Utaona walichofuta. Nguzo ya waya ilikuwa hapa imeondoka. Moshi ulikuwa unafunika nusu ya mnara wamechora mnara mzima. Ukuta ni mweusi kama ulivyosema, kwenye kadi umekuwa krimu. Hapo unajifunza majengo NA unajifunza mji ulitaka uonekaneje, vyote kwa mpigo.

Kwa kina Teich ni vilevile, mafaili ya oda yamebaki, mteja katuma picha na maelekezo kwamba hiki toa, hiki paka hivi, wengine mpaka wakaambatanisha vipande vya zulia la hoteli ili rangi ifanane. Kwahiyo sio kila rangi ilibuniwa mkuu, kwa ndani ya hoteli au mgahawa rangi inaweza kuwa ya kweli kuliko ya nje.

Na kuhusu tofali au jiwe, usiiulize kadi, iulize ramani ya Sanborn. Zile ramani za bima ya moto zilipaka kila jengo kwa kilichojengewa, waridi ni tofali, njano ni mbao, bluu ni jiwe. Kadi inakupa uso, Sanborn inakupa mwili.

#7 Fundi wa Mawe

Hapo kwenye kulinganisha na negativu nimekubali. Hiyo ya Sanborn sikuwa naijua, hiyo ndo lugha yangu. Ngoja niingie nikaangalie.

#8 Ngazi za Nje

Mimi kinachonisumbua ni tofauti na cha Fundi. Hata kadi ikiwa kweli tupu, imeonyesha nini? Hoteli, benki, stesheni, maduka makubwa. Yaani majengo yenye hela ya kuagiza kadi.

Mtazame Mecca Flats. Ilijengwa 1892 upande wa kusini kwa ajili ya wageni wa maonyesho ya dunia ya 1893, nyumba ya kupanga kubwa, ndani ina kumbi mbili ndefu zimeezekwa vioo, ngazi na vibaraza vya chuma vinazunguka. Baadaye ikawa makazi ya familia za watu weusi, muziki na maisha yakakolea humo. 1952 ikabomolewa kupisha chuo, na pale pale 1956 ukafunguliwa ukumbi wa Crown Hall wa Mies huyo huyo. Kadi za Federal Building nimekusanya skani zaidi ya 40, za Mecca sijaangukia hata moja. Jengo ambalo watu wengi waliishi, walizaa na kuzikana. Tukisema tunaujua mji kupitia postikadi tuseme pia ni mji wa nani tunaoujua.

#9 Kuba la Zamani

Ndugu hii komenti nimeisoma mara tatu. Ni kweli na inauma.

Ninachoweza kusema, kuna aina moja ya kadi inayosaidia kidogo, kadi za picha halisi. Kodak walitoa kamera yao ya 3A mwaka 1903, negativu yake saizi ya postikadi moja kwa moja, kwahiyo mtu yeyote mwenye kamera akawa anaweza kusafisha picha kwenye karatasi yenye mgongo wa kadi, nakala moja au kumi. Hizi hazina vidoti vya uchapaji, chukua lenzi uangalie, kadi ya kuchapwa utaona vidoti, ya picha halisi ni laini mfululizo. Na zina tarehe yake ya siri, kwenye kisanduku cha stempu: ukiona neno AZO (jina la karatasi ya picha) na pembetatu nne zote zimeelekea juu ni 1904 hadi 1918, mbili juu mbili chini ni 1918 hadi 1930. Chicago alikuwepo Charles R. Childs aliyezunguka mitaa ya mbali na katikati ya mji, makanisa, shule, kona za maduka, nyumba za watu wa kawaida. Kuna vitongoji bila kadi zake tusingejua sura yao.

Ila pengo la Mecca halizibwi na hilo na sitajifanya linazibwa. Kwa Mecca inabidi uende kwenye picha za magazeti na za wapiga picha waliokuja mwishoni kabisa.

#10 Binti Ramani

Tukiwa hapo kwenye wapiga picha, Richard Nickel lazima atajwe. Huyu alikuwa anakwenda kwenye majengo ya msanifu Louis Sullivan yanayobomolewa, anapiga picha kila pembe na kuokoa mapambo kwa mikono yake. Ukumbi wa maigizo wa Garrick ulibomolewa 1961, kaupigania ikashindikana. Aprili 1972 akafukiwa na kifusi ndani ya Chicago Stock Exchange, jengo la soko la hisa, likiwa linavunjwa. Tao la mlango wa jengo lile limesimamishwa nje ya makumbusho ya Art Institute na ukumbi wa biashara wameujenga upya ndani yake. Mimi kila nikikuta kadi ya Stock Exchange ya miaka ile ya mwanzo, watu wanaingia kwenye lile tao na kofia zao, siwezi kuipita haraka.

#11 Mjukuu wa Posta

Jamani mmenifanya niache kazi. Kuna kitu kingine kimebaki zaidi ya hilo tao? Vipande namaanisha.

#12 Kuba la Zamani

Vipo. Board of Trade (soko la nafaka) ya zamani ya 1885, ukiitazama kwenye kadi na picha za wakati wake ina sanamu mbili kubwa za mawe, mwanamke wa Kilimo na mwanamke wa Viwanda. Jengo likavunjwa 1929 kupisha hili la leo lenye sanamu ya Ceres, mungu wa kike wa nafaka, juu, lile la 1930. Sanamu zikapotelea nje ya mji miaka mingi, baadaye zikatambuliwa, na 2005 zikarudishwa kwenye uwanja mdogo wa jengo jipya. Mtu aliyezoea picha za zamani akipita pale anawajua wale kina mama mara moja.

Alafu Masonic Temple ya wasanifu Burnham na Root, 1892, kona ya State na Randolph, ghorofa 21, kwa wakati wake watu walipanda kwenye paa kuangalia mji. Hiyo iliondoka yote 1939. Lakini karibu kila kadi ya State Street iliyopigwa kuelekea kaskazini ina lile paa lake la mwinuko nyuma kabisa, hata kama kadi inatangaza duka la mtu mwingine. Ndo maana huwa nasema kwenye kadi anza na kona na nyuma ya picha. Kile kilicho katikati mchapaji kakigusa sana, kule nyuma hakuwa na muda nako.

#13 Mjukuu wa Posta

Wakuu naona nimepata yangu ya kwanza! Nimeingia kwenye skani, hoteli ya Palmer House, mgongo umegawanywa mstari katikati, umeandikwa imechapwa Ujerumani, haina mpaka mweupe. Kwahiyo 1907 hadi 1914, niko sawa? Na kuna kitu mtu kafanya, juu ya picha kwenye dirisha moja kaweka alama ya X kwa wino, nyuma kaandika kwamba hicho ndo chumba chetu.

#14 Kuba la Zamani

Uko sawa kabisa mkuu, na umepiga vizuri sana. Hiyo ni Palmer House ya 1875, iliyojengwa upya baada ya ule moto mkubwa wa 1871. Ya leo sio hiyo, ya zamani waliivunja kwa awamu miaka ya 1920 huku hoteli ikiendelea kupokea wageni, mpya ikakamilika 1925. Wageni walipenda sana kuweka hizo X, ila nyingi zilizobaki hazina maneno, hujui ni nani.

Hebu hesabu madirisha kutoka kona ya mtaa, alafu hesabu ghorofa kutoka chini, weka hapa. Binti Ramani ana skani za Sanborn, tujaribu kupata hicho chumba kilikuwa kinaangalia mtaa gani.

#15 Mjukuu wa Posta

Ghorofa ya nne kutoka chini, dirisha la tatu kutoka kona. Pazia limefunguliwa nusu.